Kupe, papasi na ile homa inayoondoka halafu inarudi

Samahanini kwa ukimya, nyumbani kulikuwa na mgonjwa na ndiye aliyenifanya niandike hii. Mdau mmoja anayesoma Marekani aliniandikia kuwa kule wanakatazwa kupita kwenye nyasi bila kuvaa soksi ndefu, sababu ya kupe wenye ugonjwa wa Lyme. Akauliza, "Huku kwenu delta ya Rufiji, wapo?" Nikataka kumjibu kwa mstari mmoja kwamba hawapo. Ila kaka yangu alikuwa amelala chumba cha pili anatetemeka, nikaona mstari mmoja hautoshi.

Jibu fupi ni hili. Ugonjwa wa Lyme makao yake ni Marekani, Kanada, Ulaya na sehemu za Asia, kwenye misitu ya baridi wanakoishi aina ya kupe wanaoubeba. Huku kwetu sio kwake. Lakini una ndugu yake wa tumbo moja anayeishi Tanzania miaka yote, anaitwa homa ya papasi. Bakteria wa Lyme na bakteria wa homa ya papasi wote ukoo wao ni Borrelia. Ukiwatazama kwenye hadubini ni vijidudu vyembamba, virefu, vimejisokota kama springi ya kalamu.

Tuanze na wadudu wenyewe maana wengi wanachanganya. Kupe mnamjua, yule wa ng'ombe na mbwa. Ana gamba gumu mgongoni, anakaa kwenye nyasi, akikupata anang'ang'ania siku kadhaa mpaka avimbe kama punje ya mbaazi. Papasi ni mwingine. Hana gamba gumu, ngozi yake ni laini yenye mikunjo kama begi la ngozi lililozeeka, na ukimtazama kwa juu humuoni kichwa, kimejificha chini ya tumbo. Kitaalamu anaitwa Ornithodoros moubata. Yeye hakai porini kukusubiri upite. Anakaa ndani kwako, kwenye nyufa za sakafu ya udongo, chini ya ukuta wa matope, chini ya mkeka. Anatoka usiku umelala, ananyonya kwa muda mfupi, mara nyingi nusu saa haifiki, anarudi zake kwenye ufa. Asubuhi hujui kitu. Na huyu mdudu ana subira ya ajabu, akikosa damu anaweza kukaa miaka kadhaa hajala na hafi. Kwa hiyo nyumba iliyohamwa sio nyumba salama.

Tofauti hiyo ina maana kubwa. Wale wa Lyme wanaambiwa kwamba kupe kwa kawaida anahitaji kung'ang'ania zaidi ya siku nzima ndipo aambukize, kwa hiyo ukijikagua jioni ukamtoa umepona. Kwa papasi hakuna nafasi hiyo. Anaweza kuambukiza ndani ya dakika chache, kwa mate yake na kwa majimaji anayotoa karibu na miguu wakati ananyonya.

Sasa kaka. Yeye ni fundi ujenzi, alipata kazi mkoa wa Dodoma, kijijini huko ndani. Wakapangishiwa chumba kwenye tembe, zile nyumba za Kigogo za ukuta wa miti na udongo zenye paa bapa la udongo. Vijana wanne, mikeka chini. Kazi ikaisha, akapanda basi mpaka Dar, kutoka Dar akashuka Bungu, akachukua usafiri wa kuingia huku Nyamisati. Siku ya tatu nyumbani homa ikampanda. Kichwa, mgongo, maungo, anatapika. Tukampeleka kwenye matibabu (sitaji wapi). Wakamtoboa kidole, kipimo cha haraka cha malaria kikaonyesha hana. Wakasema basi itakuwa UTI, akapewa vidonge. Siku ya tatu akatoka jasho la kulowesha godoro, homa ikakatika. Mama akashukuru Mungu, dawa imefanya kazi.

Akaa wiki moja mzima kabisa. Akaenda hadi gatini kusaidia kupakia mizigo ya boti la Mafia. Siku ya nane homa ikarudi vile vile. Safari hii sehemu nyingine wakampa dawa mseto bila kupima, eti dalili zinajieleza. Baada ya siku mbili tatu ikakatika tena, tukashukuru tena. Mnaona mtego ulipo? Hii homa inaondoka yenyewe. Dawa yoyote utakayokuwa umepewa siku hizo, hata maji ya mwarobaini, itapata sifa.

Iliporudi mara ya tatu amekuwa wa njano machoni na hasimami. Mama akamsafirisha mpaka kwenye maabara moja ambako kuna mzee wa siku nyingi. Nilikuwepo. Nikamwamkia, "Shikamoo mzee," akaitika marahaba bila kuinua macho kwenye cheti. Halafu hakuuliza inauma wapi. Alimuuliza kaka, "Mwezi uliopita ulikuwa unalala wapi, mwanangu?" Kaka akasema Dodoma. "Kwenye kitanda au chini?" Chini. Mzee akachukua damu akaipaka kwenye kioo, akaitia rangi, akakaa nayo kwenye hadubini. Baada ya muda akaniita nitazame. Katikati ya chembe za damu kulikuwa na vitu kama unywele uliojikunja. "Hao hapo," akasema. "Papasi."

Akaandikiwa doksisaiklini na daktari wa hapo. Yule mzee akatuonya kitu ambacho nakiandika hapa kwa herufi zote: saa chache baada ya dozi ya kwanza mgonjwa anaweza kuzidiwa. Homa inapanda, anatetemeka, presha inaweza kushuka. Ni bakteria wanakufa wengi kwa mpigo na mwili unapata mshtuko. Ndiyo maana inatakiwa akae chini ya uangalizi siku hiyo ya kwanza, sio ameze dawa akiwa peke yake nyumbani. Ikawa vile vile. Saa mbili baadaye kaka anagonga meno na mama analia kwamba mwanawe kapewa sumu. Kama hatukuonywa tungemtoa pale tukamkimbiza kwingine, na dawa tungeacha. Kesho yake asubuhi akaomba uji.

Kwa nini inarudi? Kinga ya mwili inapowatambua hawa bakteria inawaua wengi, homa inashuka. Lakini wachache wanabadilisha protini za ganda lao la nje, yaani wanavaa shati jingine, askari hawawatambui. Wanazaliana upya siku kadhaa, homa inapanda tena. Mchezo huo unaweza kurudiwa mara nyingi kama hakuna dawa sahihi.

Huu ugonjwa haukugunduliwa juzi, na sehemu ya historia yake iko kwenye ardhi hii hii. Mwaka 1905, mwaka ule ule Maji Maji inaanza kule Matumbi kusini ya mto wetu, mtaalamu wa Kijerumani Robert Koch alikuwa katika koloni hili akichunguza papasi kwenye vibanda vya kulala wasafiri wa misafara. Akawakuta na vijidudu, na akavikuta mpaka kwenye mayai yao. Maana yake papasi mama anawarithisha watoto, mdudu anazaliwa tayari ana ugonjwa, hahitaji kumuuma mgonjwa kwanza. Wakati huo huo mashariki ya Kongo, Joseph Everett Dutton na John Todd kutoka Liverpool walikuwa wanathibitisha kuwa papasi ndiye anayeambukiza. Wote wawili waliugua. Dutton alifariki Februari 1905 akiwa na miaka 30, na bakteria yule akapewa jina lake, Borrelia duttonii.

Halafu kuna hii ambayo mdau wa Marekani aisome vizuri. Aliyegundua bakteria wa Lyme ni Willy Burgdorfer, Mswisi aliyehamia Marekani. Mwaka 1981 alikuwa anapasua kupe kutoka jimbo la New York akitafuta ugonjwa mwingine kabisa, akaona tumboni mwao vijidudu vilivyojisokota. Aliwatambua haraka, kwa sababu shahada yake ya udaktari kule Basel aliifanya juu ya papasi wa Afrika na homa ya papasi. Taarifa ikatoka mwaka 1982 na bakteria akaitwa Borrelia burgdorferi. Na mwalimu wake, Rudolf Geigy, ndiye aliyeanzisha maabara ya Waswisi pale Ifakara miaka ya 1950, ambayo leo ni Taasisi ya Afya Ifakara. Yaani ugonjwa wa Lyme ulitambuliwa na mtu aliyejifunzia macho yake kwa papasi. Sisi huku papasi wetu tumewasahau!

Wenzetu wanafuatilia vipi? Kwa kupe wa nyasini njia kuu ni rahisi mpaka inachekesha. Unachukua kitambaa cheupe cha manyoyamanyoya, kama meta moja ya mraba, unakifunga kwenye fimbo, unakikokota taratibu juu ya nyasi kwa umbali uliopimwa. Kupe anayesubiri mnyama apite anadhani ndio huyo, anadandia. Unasimama kila baada ya hatua kadhaa, unawahesabu, unawatia kwenye chupa ya spiriti, unaandika tarehe na mahali. Ukirudia kila mwezi mahali pale pale unajua wanaongezeka au wanapungua, na maabara inakuambia wangapi wana vijidudu. Uholanzi tangu 2012 wananchi wenyewe wanaripoti walipoumwa, na ramani ya nchi nzima inachorwa. Marekani wanakadiria watu kama 476,000 wanatibiwa Lyme kila mwaka. Takwimu kama hiyo haiji bila mtu kuhesabu.

Kwa papasi kitambaa hakifai, yeye haji kwenye nyasi. Unaingia ndani ya nyumba kwa ruhusa ya mwenyewe, unakwangua udongo kwenye nyufa na kwenye kona za sakafu karibu na wanapolala watu, unauchekecha kama unga, halafu unautandaza juani kwenye sinia au karatasi nyeupe. Mwanzoni huoni kitu maana wana rangi ya udongo na wakiguswa wanajifanya wamekufa. Jua likiwapata wanaanza kutembea. Hapo unawaokota kwa kibano. Kazi ya namna hii imefanyika Dodoma, hasa upande wa Mvumi ambako hospitali yao imeandika habari za homa ya papasi kwa miaka mingi. Mwaka 2003 jarida la Lancet lilichapisha taarifa ya watafiti, akiwemo Mtanzania wa taasisi yetu ya NIMR, kwamba Tanzania ya kati kuna aina nyingine mpya ya Borrelia mbali na ile ya Dutton. Kwa hiyo mtu asikuambie ni ugonjwa wa vitabu vya Wajerumani.

Wanaoumia zaidi ni watoto wadogo na wajawazito. Utafiti mmoja uliotoka mwaka 1997 kuhusu wajawazito wa vijijini Tanzania waliopata homa ya papasi ulikuta karibu nusu ya mimba zilipotea. Karibu nusu. Dada yangu mkubwa alikuwa mjamzito na anafua nguo za kaka zilizotoka Dodoma kwenye begi, mama aliposikia hiyo akalikung'utia lile begi juani mwenyewe.

Turudi delta. Mtu atasema hayo ni ya Dodoma, sisi tuna mikoko na mbu. Kweli mikoko yenyewe sio mahali pa kupe, maji ya chumvi yanaingia na kutoka kila siku. Ila sisi sio mikoko peke yake. Tuna nyika na mbuga za majani kuelekea Bungu na Kibiti, na ng'ombe wapo wengi kuliko zamani. Wafugaji walipoondolewa Ihefu na Usangu kwenye mwaka 2006 na 2007 wengi walielekezwa pande za Rufiji na Lindi, na mifugo yao, na kupe wao. Sisemi hivyo kwa ubaya, maana ukitaka kujifunza habari za kupe mfugaji ndiye mwalimu. Mfugaji mmoja wa Kisukuma kule Bungu alinionyesha, anakamata sikio la ndama analipindua, anahesabu kupe wa kahawia kwa ndani. Wakizidi anajua josho limepitwa na ndigana kali inakuja. Ufuatiliaji ndio huo, hana chupa wala daftari lakini anajua mwezi gani wanapanda. Mvua zikianza, akasema, usiache wiki.

Na kupe wa nyasini huku kwetu nao wana homa yao kwa binadamu. Kuna bakteria jamii ya rickettsia, wanakuachia homa, kichwa na mara nyingine kidonda cheusi pale ulipoumwa. Watalii wanaotoka mbugani Afrika wanarudi nayo kwao, wanapimwa, inajulikana. Sisi wenyeji je? Hospitali mbili za Moshi walichunguza wagonjwa 870 waliolazwa na homa mwaka 2007 hadi 2008. Zaidi ya nusu, 60 kwa 100, walikuwa wameandikiwa malaria. Vipimo vya kina vilipofanyika, waliokuwa na malaria kweli hawakufika 2 kwa 100. Na kati ya waliopimwa hizo homa za rickettsia, 8 kwa 100 walikuwa nazo. Moshi sio Rufiji, huku malaria ni nyingi kuliko kule, lakini tabia ya kuandika malaria kwanza ni ile ile.

Hapa ndipo roho yangu inauma. Zamani malaria ilipimwa kwa damu kwenye kioo na hadubini. Mtaalamu akitafuta malaria alikuwa anaweza kukutana na papasi bila kumtafuta, kama yule mzee. Siku hizi kuna kipimo cha haraka, na mimi sikilaumu, kimeokoa watu wengi na kinafika hata zahanati isiyo na umeme. Lakini kinatafuta kitu kimoja tu, protini ya kimelea wa malaria. Kikisema hapana hakijasema una nini. Hadubini ikikaa kabatini, homa ya papasi inageuka UTI, inageuka taifodi, inageuka mapepo. Hata kwenye takwimu haipo, na kisichokuwepo kwenye takwimu hakiletewi dawa wala mtu wa kuja kuchekecha udongo.

Na watu wanatembea. Fundi anatoka Dodoma leo, kesho kutwa yuko Nyamisati, keshokutwa yake Kilindoni. Rufiji ya zamani tuliwahi kuonyesha kwamba inawezekana kuhesabu mambo haya: kuanzia 1998 kulikuwa na mradi wa kutembelea kaya mara kwa mara na kuandika nani kazaliwa, nani kafa, nani kahamia na katoka wapi. Lile swali la mwisho, katoka wapi, ndilo lililomponya kaka yangu.

Kwa hiyo wadau, mkiwa na homa na mmetoka safari, semeni wenyewe bila kuulizwa: nililala wapi, chini au kitandani, nyumba ya udongo au ya saruji, homa ilianza lini, ilikatika lini, ikarudi lini. Andika tarehe kwenye simu. Kama kipimo cha haraka kimesema huna malaria na homa ni ya pili au ya tatu, omba kwa adabu damu itazamwe kwenye hadubini, na iwe siku ambayo homa imepanda. Homa ikishashuka hao wadudu wanapungua kwenye damu, unaweza kuambiwa mzima. Dawa zipo na sio ghali, ila wajawazito na watoto wana dawa zao tofauti, usigawane vidonge vya kaka yako.

Ukilala ugenini kwenye nyumba ya udongo omba kitanda, kivute kidogo kutoka ukutani, chandarua kichomekwe chini ya godoro kisiburuze sakafuni. Kwa mwenye uwezo, sakafu ya saruji na kuziba nyufa ndiyo dawa ya kudumu. Na kupe wa nyasini akikung'ang'ania usimchome na sigara wala kumpaka mafuta ya taa, hizo tunazifanya sote lakini zinamfanya atapike ndani yako. Mshike kwa kibano karibu kabisa na ngozi, mvute polepole moja kwa moja, osha kwa sabuni.

Kaka amerudi kazini, safari hii Mkuranga. Wale vijana watatu aliokuwa analala nao tumewapigia simu. Mmoja alisema kweli na yeye ana homa ya kuja na kuondoka, anatumia dawa za taifodi. Mwingine simu haipatikani mpaka leo.

Kama kuna mdau yuko Dodoma, Singida au Tabora na ameugua hii kitu, au anafanya kazi maabara, aandike hapo chini ilikuwaje na alipimwa vipi. Nikikosea mahali nisahihisheni, nitarekebisha. Muda wangu hapa steshenari umebaki dakika nne.